Hatukuwa Wasindikizaji

Msimu wa 2024/25 ulipofungwa, timu mbili zilishuka kutoka Ligi Kuu ya Tanzania Bara. KenGold ya Chunya ilikuwa ndiyo kwanza imepanda, hivyo kushuka kwake hakukumshtua mtu. Ya pili ilikuwa Kagera Sugar ya Bukoba, iliyokuwa imekaa humo kwa takriban miaka 20. Nayo haikumshtua mtu. Ugomvi wangu unaanzia hapo.

Kushuka nakubali. Ligi isiyoshusha timu ni bonanza. Nisichokubali ni hukumu iliyosomwa baada ya hapo, redioni, kwenye vijiwe vya kahawa, ndani ya mabasi ya kutoka Mwanza, tena na watu wasio na chuki hata chembe. Wanasema hakuna kilichopotea. Ligi hii ni ya Simba na Yanga, Azam akijitutumua nyuma yao. Waliobaki ni wasindikizaji, na msindikizaji akiishia njiani safari haisimami. Isitoshe Kagera Sugar ni timu ya kampuni, mashabiki haina, uwanja wake hujaa siku Simba au Yanga zinapokuja, na wanaoujaza wamevaa nyekundu au kijani na njano. Bora imepisha, zipande timu za wananchi. Na wewe unayesononeka, timu za Dar zipo, chagua moja maisha yaendelee.

Hilo la mwisho niliambiwa na mpwa wangu aliyeko Dar, kwa upendo kabisa. "Anko, Kagera inakupa nini? Njoo Yanga ule raha." Siku ile sikumjibu, maana kijana aliyetoka kukutumia hela ya dawa humjibu kwa ukali. Namjibu hapa, yeye na wachambuzi wake.

Kwanza niliweke pembeni lile ambalo sitalitetea. Mpira tuliocheza msimu ule ulikuwa mbovu. Tulianza na kocha Paul Nkata kutoka Uganda, akaondoka mapema. Akaja Mmarekani Melis Medo, naye hakumaliza. Mzigo ukamwangukia Juma Kaseja. Wachezaji waliobadilishiwa mwalimu namna hiyo wanaanza darasa la kwanza kila baada ya miezi michache, wakati wenzao wako kwenye mitihani. Desemba Simba walikuja Kaitaba, uwanja wetu, wakatufunga 5-2. Kufungwa na Simba ni jambo la kawaida, lakini mabao matano nyumbani yalituonyesha kwamba ukuta wetu ulikuwa pazia. Anayesema tulistahili kushuka kwa mpira ule sina ubishi naye, msimamo wa ligi uko wazi. Nabishana na yule anayetoka kwenye "walistahili" akaruka moja kwa moja hadi "hawakuwa kitu".

Tuhesabu basi, kwa kuwa hao wanaotuita wasindikizaji wanapenda sana takwimu. Ligi yenye timu 16 ina mechi 240 kwa msimu. Simba anacheza 30, Yanga anacheza 30, na mbili kati ya hizo wanakutana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo mechi zenye Simba au Yanga ndani yake ni 58. Zinabaki 182. Zaidi ya robo tatu ya ligi hii inachezwa bila mmoja wao kukanyaga uwanja, Ruangwa, Kigoma, Babati, Tabora, Dodoma, Tanga, na msimu ule kwetu Bukoba. Mtu anayeniambia ligi ni ya wawili anazungumzia mechi 58 na kuziita 240.

Kwa timu kama yetu hesabu ni hiyo hiyo. Tulikuwa na mechi 30, nne tu zikiwa za Simba na Yanga. Pointi 12 kati ya 90. Zile 78 nyingine unazitafuta kwa Namungo, kwa Mashujaa, kwa Tanzania Prisons, kwa KMC, Jumatano saa 10 jioni, mvua ya Bukoba ikiwa imeshaamua kunyesha. Timu inashukia huko. Hakuna aliyeshuka kwa sababu alifungwa na Yanga; unashuka kwa sababu ulitoka sare nyumbani na mwenzako mliyebanana naye mkiani, ukaongoza kwa bao moja ukashindwa kulilinda, ukapewa penalti ukaipiga mikononi mwa kipa. Mechi hizo hazina mchambuzi. Zina mashabiki wake, wachache, ambao wanaweza kukusimulia kila moja, na ndio hao mnaosema hawapo.

Sasa turudi kwenye neno lenyewe la usindikizaji, tulipime kwa historia ya karibuni kabisa.

Septemba 10, 2016 tetemeko liliipiga Bukoba. Watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaanguka, sekondari za Ihungo na Nyakato zikabaki magofu. Wakati huo timu yetu ilikuwa imerudi nyumbani karibuni tu. Kabla ya hapo Kaitaba ilikuwa ikiwekewa nyasi bandia kwa msaada wa FIFA, na kazi hiyo ilipochukua muda, Kagera Sugar ilitangatanga ikicheza mechi zake za "nyumbani" Mwanza, Shinyanga na Tabora. Msimu wa 2016/17, chini ya Mecky Mexime, timu hiyo iliyokaa ugenini kwa muda mrefu hivyo, katika mji ambao watu walikuwa wakilala nje kwa kuogopa kuta zao, ilimaliza ya tatu. Ilikuwa juu ya Azam. Sijui timu ngapi zenye bajeti ya Azam zimewahi kumaliza chini ya timu ya wakata miwa, ila ya mwaka ule naikumbuka.

Na mwaka huo huo bingwa aliamuliwa Bukoba. Wengi wamesahau, au hawakutaka kukumbuka. Aprili 2017 Simba walikuja Kaitaba, wakafungwa 2-1. Simba hawakuwa wamechukua ubingwa tangu 2012, na njaa ya miaka mitano si mchezo. Wakakata rufaa wakidai beki wetu Mohamed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati ya Saa 72 ikawapa pointi tatu mezani. Nchi ikawaka. Yanga wakapiga kelele, kamati nyingine ya TFF ikaketi, pointi zikarudishwa Bukoba, Simba wakatishia kwenda FIFA. Mwisho wa msimu Yanga na Simba walikuwa na pointi 68 kila mmoja, Yanga akachukua kombe kwa tofauti ya mabao. Zile tatu za Kaitaba zingebaki kwa Simba, kombe lingekwenda Msimbazi.

Sasa nieleze, msindikizaji gani huyo anayeamua bwana harusi ni nani? Lakini kinachoniuma zaidi katika kisa kile ni jinsi kilivyozungumzwa. Wiki nzima redio zilikuwa na wanachama wa Simba upande huu na wanachama wa Yanga upande ule, wakigombania matokeo ya mechi iliyochezwa na Kagera Sugar. Tulikuwa kama kibanja kinachogombewa mahakamani, aliyeipanda ile migomba hata hajaitwa kutoa ushahidi. Hakuna aliyeuliza Kagera walicheza vipi siku ile. Walicheza vizuri, nipo tayari kuapa.

Mwaka uliofuata ikawa zaidi. Mei 19, 2018, Uwanja wa Taifa, Simba ni bingwa tayari, hajapoteza mechi hata moja msimu mzima, Rais Magufuli yuko jukwaani kukabidhi kombe. Aliyepangwa kucheza nao siku hiyo ni Kagera Sugar, tumeletwa kupamba shughuli. Dakika za mwisho mwisho Edward Christopher akafunga. Kisha Simba wakapata penalti, akaenda kuipiga Emmanuel Okwi, mfungaji bora wa ligi, na golini alikuwa Juma Kaseja. Kaseja akaipangua. Rekodi ya kutofungwa ikafia hapo hapo, mbele ya rais, ambaye alipopewa kipaza sauti hakuwaficha Simba kwamba kwa kiwango alichokiona kombe la Afrika wasahau. Na habari ya siku ile mpaka leo husimuliwa hivyo: siku Simba alipoharibiwa sherehe, siku Magufuli alipowapa Simba ukweli wao. Jina la mfungaji inabidi ulichokonoe.

Kisha msimu wa 2018/19. Simba walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, wakatolewa Lubumbashi na TP Mazembe. Wiki moja baadaye wakapanda hadi Kaitaba, wakafungwa 2-1. Mei tukawafuata Dar, wakafungwa 1-0. Mara tatu mfululizo, kwa hesabu ya ligi, timu bora kuliko zote nchini ilishindwa kuifunga Kagera Sugar. Na msimu huo huo, sikilizeni vizuri, Kagera Sugar ilimaliza pabaya kiasi cha kulazimika kucheza mchujo na Pamba ya Mwanza ili isishuke. Tulinusurika. Nalitaja hili ingawa linatuaibisha, kwa sababu linaonyesha mpira wa mkoani unavyokwenda: unaweza kumpiga bingwa nje ndani ukakaribia kushuka, kwa kuwa pointi tatu za Simba zina uzito ule ule wa pointi tatu za timu ya mkiani, na hizo za mkiani ulizipoteza. Anayetazama mechi nne tu za msimu wetu angeweza kudhani sisi ni timu kubwa. Msimu wa 2024/25 angedhani sisi si timu. Vyote viwili angekosea, na kwa kosa moja.

Nije 2025, mwaka wa msiba wenyewe. Machi 8 Simba na Yanga walipaswa kucheza. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walizuiwa kuingia Uwanja wa Mkapa kufanya mazoezi, wakatangaza hawachezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi. Yanga wakasema hawachezi siku nyingine yoyote. Kuanzia hapo mpaka Juni nchi haikuwa na jambo lingine la mpira. Ikapangwa Juni 15, ikasogezwa, ikachezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kuchukua ubingwa wa nne mfululizo. Miezi mitatu na nusu. Ndani ya miezi hiyo ndimo Kagera Sugar ilipokuwa ikifa. Ndimo kila mechi yetu ilipokuwa fainali. Ukifungulia redio asubuhi unasikia mechi ambayo haijachezwa, ukifungulia jioni unasikia mechi ambayo huenda isichezwe, na ile iliyochezwa jana Kaitaba, inayoweza kumshusha mtu daraja, inasomwa matokeo kisha tangazo la kubeti.

Na hapa wapo watakaosema: ndivyo soko lilivyo, watu wanataka Simba na Yanga, redio inawapa. Sawa. Ila tusijifanye soko liliota lenyewe. Mtoto wa Muleba au Karagwe anazaliwa akakuta baba, mwalimu na dereva wa bodaboda wameshagawanyika, na saa tatu asubuhi kipindi cha michezo kinampa usajili wa Simba, majeraha ya Yanga, viatu vya Simba, basi la Yanga. Jina la kipa wa Kagera Sugar atalisikia siku atakapofungwa na mmoja wa hao. Miaka 20 ya namna hiyo, halafu anakuja mtu na kalamu kuhesabu jezi Kaitaba na kutangaza kwamba timu haina mashabiki. Huyo amekata mti, sasa anashangaa kivuli kimekwenda wapi.

Wengi wa watu wetu wana timu mbili, sikatai. Nina majirani wa aina hiyo, wanashangilia Kagera mechi 28, kisha zile mbili za timu yao ya Dar wanavuka upande wa pili wa uwanja wakiwa na vuvuzela. Huwa nawatania siku hizo, na wao hunitania mwaka mzima. Lakini mtu aliye nasi mechi 28 kati ya 30 ni shabiki, wala sijui ni kwa hesabu gani anafutwa. Barcelona wangempata wa 28 kati ya 30 wangempa kiti chenye jina lake. Sisi tunamwita Yanga.

Mimi mwenyewe nina moja tu. Na mpwa wangu, jibu la swali lako ni hili. Kagera inanipa wachezaji ninaoweza kukutana nao sokoni wakinunua ndizi siku ya pili baada ya kufungwa, nikawauliza bao lile lilikuwaje, wakajibu au wakanikwepa, vyote ni haki yao. Inanipa kelele zinazosikika: Kaitaba ukimwambia winga arudi nyuma anakusikia, wakati mwingine anageuka kukutazama nani kasema. Ilinipa nahodha George Kavila, mtu aliyekaa nasi mpaka tukamzoea kama mmoja wa ukoo. Na ule msimu wa tetemeko ilinipa, kila wiki, saa mbili za kuzungumza jambo lisilo nyufa za ukuta. Raha ya Yanga naijua, huwa naisikia mtaa wa pili inavyopita na honi. Siidharau. Ila haikupitia kwangu, na siwezi kuidai kwa kubadili rangi ya jezi.

Lipo jambo zito zaidi nyuma ya neno hili la usindikizaji, na linaligharimu hata kombe la hao wakubwa. Mkishakubaliana kwamba timu fulani ipo kwa ajili ya kufungwa, kufungwa kwake hakuhitaji maelezo. Beki akiteleza mbele ya mshambuliaji wa Yanga tunasema ndiyo hali halisi, kipa akitema mpira mbele ya Simba tunasema presha. Kila msimu yanazuka maneno ya bahasha na ya mechi zilizouzwa. Mimi sina ushahidi wala simshutumu mtu. Nasema tu kwamba maneno hayo hustawi vizuri pale ambapo hakuna anayetarajia mdogo apigane. Toto Africans ya Mwanza iliishi miaka ikiitwa tawi la Yanga, kila pointi waliyoidondosha kwa Yanga ikatazamwa kwa jicho la pembeni, na iliposhuka 2017 watu walicheka. Shabiki wa Yanga anayetaka ubingwa wake uheshimiwe alipaswa kuwa wa kwanza kukataa kuwa na matawi. Bingwa aliyewashinda wasindikizaji watupu amemshinda nani?

Nimeahidi kujibu hili la timu za taasisi na timu za wananchi, nalo nitalijibu kwa kifupi, kwa sababu linapendwa kuliko linavyostahili. Hoja inasema timu za kampuni, majeshi na halmashauri zinakula nafasi za timu zenye wenyewe. Lakini tuulize hizo zenye wenyewe zilikwenda wapi. Tukuyu Stars walichukua ubingwa wa Bara 1986 wakiwa ndiyo kwanza wamepanda, msimu uliofuata wakashuka. Kagera Sugar haikuwepo kwenye ligi hiyo. Stand United ya Shinyanga ilipata mdhamini mkubwa kutoka mgodini, viongozi wakagombana mpaka timu ikagawanyika, mdhamini akaondoka. Pamba ilikaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20, na iliporudi ilirudi ikiwa mikononi mwa Jiji la Mwanza, yaani taasisi. Timu hizi hazikufukuzwa na wakata miwa. Zilikosa mishahara, zikakosa viongozi wanaokubali kuondoka. Kampuni ya sukari, iliyofufua kiwanda kilichoharibiwa na vita vya Amin, iliupa Mkoa wa Kagera timu ya Ligi Kuu kwa miongo miwili. Mkoa mzima, tangu Ngara hadi Missenyi, ulikuwa na moja tu. Iliposhuka, haukubaki na hata moja. Mtu wa Dar mwenye timu kadhaa ndani ya mwendo wa daladala anaponieleza kuhusu nafasi kuliwa, namwomba kwanza afungue ramani.

Lakini hapa nageuka, kwa kuwa nisingependa wenye timu wasome mpaka hapa wakadhani nawapigia makofi. Tuhuma kwamba hatuna mashabiki imesaidiwa sana na wao. Miaka yote hiyo sikuwahi kuwa na kadi. Hakuna mkutano ambapo ningeweza kunyoosha mkono kuuliza kwa nini Mbaraka Yusuph aliondoka kwenda Azam baada ya ule msimu wa nafasi ya tatu na pengo lake likajazwa na matumaini, au kwa nini Yusuph Mhilu alipokwenda Simba 2021 hatukuona fedha zake zikirudi uwanjani kwa sura ya mshambuliaji mwingine. Kocha wa tatu alipokuja ndani ya msimu mmoja tulisikia pamoja na ninyi, redioni. Simba na Yanga, pamoja na vurugu zao zote, wana wanachama wanaopiga kura, wanaovuruga mikutano, wanaomtoa jasho mwenyekiti. Vurugu ile ni mali. Sisi tulifanywa watazamaji wa kitu tulichokiita chetu, tukaridhika, kwa kuwa mshahara wa wachezaji ulikuwa ukitoka na hatukuwa tukipitisha bakuli.

Sasa wanatufariji kwa mfano wa Mtibwa Sugar: walishuka 2024, wakarudi 2025 wakiwa mabingwa wa Championship, daraja linalofuata chini ya Ligi Kuu, na Mbeya City wakarudi nao. Tulieni, mtarudi, wanasema. Huenda tukarudi kweli, naomba iwe hivyo. Ila Mtibwa ni mabingwa wa Bara wa 1999 na 2000, wana desturi ya kukuza vijana ambayo sisi tunaisikia kwa jirani. Kuwatazama wao na kutulia ni kusahau Pamba na miaka yake 20 na zaidi. Championship ina timu ambazo zamani zilijaza viwanja na sasa watoto wa mitaa yao wanadhani ni hadithi za wazee. Daraja lile lina viwanja vibovu na safari za siku mbili ndani ya basi, na mechi zake hazizungumzwi hata na wale wanaozungumza kila kitu. Timu inayoshuka bila wenyewe huzama huko kwa sababu hakuna anayeona hasara ikiachwa.

Na hili ndilo linalonifanya nikatae kwa nguvu zote ile pole ya "hakuna kilichopotea". Si maneno ya msibani tu. Yakisemwa sana, bodi ya kampuni inayasikia. Mtu wa fedha ofisini anaiangalia ile safu ya gharama za timu, anawasha redio akiwa njiani kurudi nyumbani, anasikia kwamba hata mashabiki hawapo, na kesho yake anapendekeza timu iwe ya bonanza la wafanyakazi. Hatakuwa mtu mbaya. Atakuwa amewaamini wachambuzi.

Kwa hiyo kabla hamjatuzika, ombi langu haliendi kwa TFF wala kwa Bodi ya Ligi, linakwenda kwa kampuni. Fungueni uanachama. Wekeni meza moja stendi ya Bukoba, moja Kyaka, moja Muleba, kadi iwe ya bei ambayo muuza senene anaimudu, na mwenye kadi apewe angalau mkutano mmoja kwa mwaka wa kumuuliza kocha maswali usoni. Msimfiche mtu kwamba timu iko Championship. Wale wanaojua idadi yetu bila kuwahi kuja waalikwe siku ya kwanza, wakae karibu na meza, wapewe kalamu na karatasi.